Siku Pasta Ilunga Alipoingia Sinema

Vijana wa idara ya filme wameniomba niandike "kitu kidogo" kabla sijasahau. Wanadhani mtu akistaafu, kumbukumbu zake huanza kuvuja siku ileile anaporudisha funguo. Funguo nimerudisha, na bado nakumbuka. Habari za vyeo nitaziacha. Nani alipandishwa na nani alirukwa, hayo mnayajua kuliko mimi. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, katika miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, nilipokuwa kijana mwenye sauti kubwa na shati moja la Jumapili.

Nilitoka Sandoa na cheti cha shule ya misioni ya Waprotestanti. Nilifika Kolwezi nikitumaini kuwa karani. Kwenye ofisi ya kuajiri Mbelgiji mmoja alinipa gazeti, akaniambia nisome. Nikasoma kama nilivyozoea kusoma Maandiko kanisani, kwa sauti ya kufika mlango wa nyuma. Aliziba masikio, akacheka, kisha akaniandikia karatasi ya kunipeleka sinema. Ndivyo nilivyopata kazi ya maisha yangu. Yule Mbelgiji ndiye aliyekuwa mkuu wa ukumbi. Sisi tulimwita Bwana Mbele, kwa sababu filme ikikatika alisimama na kupiga kelele, "Mbele! Mbele!" kana kwamba mashini ni ng'ombe.

Ukumbi ulikuwa katikati ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi: jengo refu la matofali, mabati juu, mabenchi ndani. Onyesho kubwa lilikuwa Jumapili alasiri, jua likiwa bado kali, kwa hiyo madirisha yalifunikwa vitambaa vyeusi. Mle ndani ungeweza kuoka mkate. Watu walikuja hata hivyo, na batoto mgongoni, na karanga kwenye kitambaa.

Aliyenifundisha kazi ni tata Mukendi; tata kwetu ni baba. Alikuwa Mluba wa Kasai, ambaye baba yake aliletwa na kampuni kuchimba shaba. Mtu mfupi, Mkatoliki, vidole vyake vimeliwa na gundi ya filme. Siku ya kwanza nilidhani atanipa mikro, kile chombo cha kusemea. Alinipa kitambaa.

"Pangusa," akasema.

"Nipanguse nini, tata? Mashini ni safi."

"Weye unaona safi. Iyo vumbi ya mugodi inaingia mpaka mu maziwa ya mama. Kama punje moya inabakia apa, filme yote itakwaruzika. Batu bataona mvua inanyesha mu nyumba, na batakuuliza weye, juu ya nini inanyesha."

Nikapangusa. Kwa majuma mengi nilipangusa tu. Baadaye akanifundisha kuunga filme iliyokatika: unakwaruza ncha kwa wembe, polepole, mpaka iwe nyeupe, unapaka gundi kidogo, unabana, na usikohoe. Leo mna vifaa vya kufanya hayo kwa kidole kimoja. Sawa. Lakini bado pangusa kwanza.

Kazi yangu hasa ilikuwa kusema. Zile filme zilisema Kifaransa, na watu wengi wa kambi hawakukisikia. Hivyo mtu mmoja alikaa kando ya kitambaa cheupe na mikro mkononi, akieleza mambo kwa Kiswahili. Tata Mukendi alinipa sheria moja: kitu ambacho watu wanakiona, usikiseme, sema kile wasichokiona. Ni sheria nzuri, ila filme yangu ya kwanza ilikuwa ya Ulaya wakati wa baridi. Vitu vyeupe vilianguka kutoka mbinguni mpaka nyumba zikafunikwa. Neno lilinikataa. Nikasema, "Ni kitu sawa unga." Wamama wote wakapiga kelele. Kwa muda mrefu nilisimamishwa njiani na watu waliotaka kujua kwa nini Wazungu, wenye unga wa kuanguka wenyewe, wanakuja kututafuta huku.

Mimi nilikuwa na sheria yangu ya pili, ambayo sikumwambia mtu: neno nisiloweza kulisema kanisani, sitalisema kwenye mikro. Ilinitosha karibu kila Jumapili. Taabu ilikuwa kwenye filme za mapenzi. Watu wawili kwenye kitambaa wakikaribiana nyuso, ukumbi wote ulinigeukia, "Sema! Sema!" Mimi nilisema, "Hapa banasalimiana." Halafu, "Banasalimiana tena." Watu walicheka mpaka benchi likaanguka, na Bwana Mbele alifikiri nimetafsiri vizuri mno.

Kanisani hawakucheka.

Kanisa letu la kambini liliongozwa na Pasta Ilunga, mtu wa kaskazini ya Katanga, mrefu, mkavu, asiyejua kunong'ona. Aliamini kwamba sinema inakuja kuwaibia watu wake, na sababu alikuwa nayo. Maombi ya wamama yalikuwa Jumapili saa kumi. Onyesho pia saa kumi. Aliona vijana waliobatizwa mikononi mwake wakivaa kofia za wapanda farasi wa filme, wakijiita majina asiyoweza kuyatamka. Aliona wasichana wakichoka na nyimbo. Basi kanisa likatoa amri: muumini asiingie sinema. Mwenye kuingia, hashiriki Meza ya Bwana. Atakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mpaka atubu.

Mimi sikuingia sinema tu. Mimi ndiye niliyekuwa sauti yake.

Waliniita mbele ya wazee. Pasta Ilunga alikaa katikati, na kuumeni kwake shemasi Mateo, mwimbaji wetu wa sauti nzito, ambaye akiimba chini mabati yanatikisika. Mateo ndiye aliyeuliza.

"Ndugu Yosua, tunakuuliza kintu moya tu. Utaacha sinema, ao utaacha meza?"

"Mi sitaacha yote mbili, tata shemasi. Kazi, mi naomba Mungu mbele ya kuianza. Na kanisa ni nyumba yangu."

"Unaombaka Mungu mbele ya kuonyesha bitu bya dunia?"

"Ndo pale ninaomba sana."

Pasta Ilunga hakukasirika, nadhani alisikitika. "Basi utakaa nyuma," akasema. "Mulango uko wazi. Siku utarudi, utatukuta."

Nilikaa nyuma. Mke wangu Raheli aliimba kwenye kwaya mbele, akala mkate na kunywa divai, nami nikamtazama kutoka mlangoni kama mgeni aliyefika katikati ya harusi. Iliniuma, sitawadanganya. Tata Mukendi alinihurumia. "Kuya kwetu," akasema. "Padri wetu alibarikia hata iyi mashini." Nilimshukuru, nikamwambia kwamba aliyenifundisha kusoma, aliyenibatiza na aliyenifungia ndoa wote wako upande ule, na kwamba benchi la nyuma pia ni benchi la kanisa. Alitikisa kichwa, akarudi kwenye gundi yake.

Raheli aliniuliza swali gumu zaidi. Tulikuwa tunakula, akasema bila kuinua macho, "Kama ungejua sinema ni mubaya, ungeacha?"

"Ningeacha leo."

"Basi usiogope kukaa nyuma," akasema. "Ila usikose hata Jumapili moya. Bakuone."

Sikukosa. Misimu ya mvua ikapita, nami nipo pale, nikiimba kwa sauti ileile iliyoniajiri.

Kisha wakaja wapiga filme kutoka Elisabethville, mji mkuu wa Katanga. Walitaka kuonyesha maisha ya kambi. Walipiga picha za hospitali, za mpira, na za Bwana Mbele akiwasha taa za ukumbi. Jumapili moja walitukuta kwenye mto Musonoi, siku ya ubatizo. Pasta Ilunga alikuwa majini mpaka kiunoni, kwaya ukingoni na vitambaa vyeupe kichwani. Wale wapiga filme wakaomba ruhusa kwa adabu, wakazungusha mashini yao, wakaenda. Sisi tulisahau.

Filme ilirudi baada ya miezi mingi, na maneno yake ya Kiswahili yamechapwa tayari kwenye karatasi, ya kusomwa na mimi. Ilikuwa kawaida yetu kuitazama kila filme Jumamosi asubuhi, tata Mukendi kwenye mashini, mimi kwenye benchi na karatasi. Hospitali ikapita, mpira ukapita. Halafu ukaja mto. Nikamwona Raheli akiimba bila sauti. Nikamwona pasta akimwinua mtu kutoka majini, uso wake mkubwa kwenye kitambaa kuliko mlango. Nikashusha macho kwenye karatasi, nikasoma:

"Hawa ni wafuasi wa dini iliyokatazwa. Wahubiri wa uongo wanawafundisha kukataa kazi, kukataa chanjo na kukataa serikali."

Nikamwambia tata Mukendi asimamishe mashini.

Vijana, ninyi hamkuishi siku zile. Dini hiyo iliyokatazwa ilikuwepo kweli, na mtu aliyetajwa kuwa wa dini hiyo aliweza kuondolewa kwake na kupelekwa mbali, kijiji cha kufungiwa, yeye na jamaa yake, asirudi kwa miaka. Waliotengeneza filme walikuwa na habari ya kusimulia juu ya wahubiri wa uongo, na hawakuwa na picha yake. Walichukua ya kwetu. Labda hata hawakufikiri. Na kesho yake, Jumapili, administrateri, mkuu wa serikali wa wilaya, alikuwa amealikwa ukumbini, pamoja na wakubwa wa kambi.

Nilikwenda kwa Bwana Mbele na karatasi.

"Bwana, ile ya ku Musonoi ni kanisa yetu ya misioni. Bwana anatujua. Aya maneno ni ya uongo."

Alikuwa anafunga kamba za viatu. "Yosua, hii filme inatoka ku wakubwa. Kila picha iko na maneno yake. Weye soma tu ile iko naandikwa."

"Na kama batu bafungwa?"

"Weye soma," akasema, na akafunga kiatu cha pili.

Nilipomweleza tata Mukendi, alichukua wembe. "Filme inakatikaka kila siku," akasema kwa upole. "Nitakata kipande ya muto, nitaunga, hakuna mutu atajua. Weye ni Muprotestanti, weye hauko na mukono mu ile."

Nilifikiri. Ningesema sikushawishika, ningedanganya. Lakini nilijua filme hiyo ina ndugu zake; nakala nyingine zingeonyeshwa Likasi na Elisabethville na maneno yaleyale, na uso wa pasta uleule. Tukikata kwa siri hapa, uongo utaendelea kutembea kule. Na jambo la kweli lilihitaji kusemwa mahali uongo ulipotaka kusemwa, kwa mikro ileile.

"Hapana, tata," nikasema. "Weka wembe."

Alasiri hiyo nilikwenda nyumbani kwa Pasta Ilunga. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe. Nilisimama, sikukaa, nikamweleza yote: picha, maneno, administrateri. Nikamwambia kama anataka kwenda kwa ndugu zake kwa siku chache, Raheli ataangalia nyumba pamoja na mama pasta.

Aliendelea kuchonga.

"Weye utasema nini kesho?" akauliza.

"Nitasema kile kilichokuwa pale mutoni."

"Batakufukuza."

"Inawezekana."

Aliupima mpini kwa jicho. "Basi miye nitakuya," akasema. "Kama banataja jina yangu mu ile nyumba, nitakuwa mule, banione vizuri."

Jumapili saa kumi Pasta Ilunga aliingia sinema. Alivaa koti lake jeusi la kuhubiria, Biblia kwapani. Batu wa mlangoni walimpisha kama vile jeneza linapita. Akatembea mpaka benchi la mbele, nyuma ya viti vya Wazungu, akakaa wima. Raheli alikaa kando yake. Vitambaa vyeusi vikashushwa.

Niliomba kwa ufupi, nikashika mikro. Kwenye hospitali nilisoma karatasi. Kwenye mpira nilisoma karatasi, na kuongeza jina la mfungaji, maana waandishi walilisahau. Ulipokuja mto, nikaiweka karatasi sakafuni.

Sauti ya Kifaransa ilikuwa inasema mambo yake chini chini. Mimi nikasema, "Hapa ni mto Musonoi. Hawa ni batu ba kanisa yetu ya misioni, ya hapa kambini. Huyu ni Pasta Ilunga. Anabatiza. Hawa banaochanjwa ku hospitali, ni hawa hawa. Hawa banaoingia mugodini kesho asubuhi, ni hawa hawa. Karatasi nilipewa inasema maneno mingine juu yao. Siwezi kuisoma, kwa sababu mi nilikuwa pale mutoni, na haikukuwa vile."

Hata batoto waliacha kutafuna. Kwenye kitambaa, kwaya ilikuwa inafungua na kufumba midomo. Raheli akautambua wimbo; akauanza palepale kwenye benchi, kwa sauti ndogo. Mwanamke mmoja nyuma akaupokea. Halafu mwingine kule ukutani. Halafu kutoka kona ya giza kabisa, nyuma ya nguzo, ikatoka sauti nzito ya chini, na mabati yakatikisika.

Pasta Ilunga akageuka polepole. Hakuna mwingine Kolwezi nzima aliyekuwa na sauti ile.

Wimbo ulipokwisha, Bwana Mbele alikuwa amesimama akipiga kelele taa ziwashwe. Zikawashwa. Pasta akatazama ukumbi, nami nikatazama pamoja naye. Nusu ya kanisa ilikuwa mle. Kwaya ilikuwa mle. Shemasi Mateo alijaribu kujikunja nyuma ya nguzo, lakini nguzo ilikuwa nyembamba.

Administrateri aliinuka. Alikuwa amekaa nchi hii miaka mingi, anajua Kiswahili kuliko Wazungu wengi. "Nani ni Ilunga?"

"Ni miye, bwana."

"Unafundisha batu kukataa chanjo?"

Pasta akavua koti, akakunja mkono wa shati, akamwonyesha kovu la chanjo begani. "Na miye ndo nilibapeleka batu ku chanjo," akasema.

Administrateri alilitazama lile kovu, akamtazama Bwana Mbele, akasema kitu kwa Kifaransa, haraka na kwa sauti ya chini. Sikukisikia, ila Bwana Mbele alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Kesho yake ikaja amri ya serikali: kipande cha mto kiondolewe, hapa na kila mahali filme ilipopelekwa. Tata Mukendi alikikata mwenyewe, mbele ya mashahidi, akitabasamu kama bibi harusi.

Mimi pia nilipata amri yangu. "Ulisema kweli," Bwana Mbele aliniambia, "lakini ulisema bila ruhusa." Nikapelekwa kiwanda cha kuoshea mawe ya shaba, kusukuma tope. Mikro akapewa kijana mwingine, mtulivu, aliyesoma vizuri sana.

Jumapili ya Meza ya Bwana ilipofika, nilikwenda benchi langu la nyuma, mikono imepasuka kwa tope. Pasta Ilunga akasimama mbele.

"Amri yetu haiyabadilika," akasema. "Mutu mwenye kuingia sinema, anakaa nyuma. Kila mutu anajijua."

Kisha shemasi Mateo akaondoka kwenye kiti cha wazee, akatembea katikati ya kanisa akiangalia viatu vyake, akaja kukaa kando yangu. Raheli akafuata. Wanakwaya wakafuata, mmoja mmoja. Benchi likajaa, waliobaki wakasimama ukutani na nje ya mlango. Mimi nilikuwa natazama chini, kwa hiyo sikuona mara moja ni nani aliyekuwa akijisukuma kati yangu na Mateo, akisema, "Jibaneni kidogo." Lilikuwa koti jeusi. Pasta Ilunga alikaa, akaweka Biblia magotini.

"Na miye nilikuwa mule," akasema.

Mbele hakukuwa na mtu mezani. Mkate umefunikwa, divai imefunikwa. Kwenye mabenchi walibaki wachache, na kati yao mama Marta, mjane mzee aliyepofuka zamani, ambaye sinema haikuwahi kumtamanisha kwa sababu zinazoeleweka. Aligeuza kichwa huku na huku, akisikiliza.

"Pasta," akaita, "mbona munaniacha? Miye nitakula na nani?"

Pasta Ilunga alifumba macho. Alipoyafumbua, alimgusa Mateo, wakaenda mbele wote wawili, wakaibeba meza na vyote vilivyokuwa juu yake, wakaileta nyuma mpaka mlangoni. Halafu akarudi, akamshika mama Marta mkono, akamleta pia. Tulikula pale, wengine wamesimama juani. Mkate ule niliutafuna polepole. Tangu siku ile hakuna aliyeitaja amri tena, na hakuna aliyesema kwamba imefutwa. Pasta aliendelea kuhubiri vikali dhidi ya filme mbaya, ila sasa alizitaja kwa majina.

Kiwandani nilikaa mpaka mvua zikaisha. Nilijifunza mengi juu ya tope. Nilijifunza pia kwamba mtu anaweza kuimba chini ya kelele za mashini kubwa, na wenzake wakapokea. Sikujuta hata siku moja, na wala sikujiona shujaa. Nilikuwa nimesema kilichokuwepo, na hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya.

Huko ukumbini mambo hayakwenda vizuri. Yule kijana mtulivu alisoma karatasi neno kwa neno, na watu wakampigia miluzi. Kwenye filme za mapenzi walilia, "Banasalimiana! Leta ule wa banasalimiana!" Mwishowe Bwana Mbele alikuja kiwandani mwenyewe, viatu vyake vizuri vikizama.

"Yosua, rudia ku kazi."

"Nitarudi, bwana. Ila karatasi nitakuwa naisoma Jumamosi. Kama kuko uongo, nitakuambia Jumamosi. Usiniambie tena nisome tu."

Alitazama tope, akanitazama mimi. "Jumamosi," akasema, "si Jumapili."

"Jumamosi, bwana."

Tulipeana mikono, na yake ikachafuka. Jumapili iliyofuata nilikaa tena kando ya kitambaa cheupe. Tata Mukendi aliwasha mashini, na Pasta Ilunga alikuwa benchi la mbele, wima, na Biblia yake, amekuja kuona kama nitafanya vizuri. Filme ilikuwa ya afya, juu ya nzi: wanavyotembea chooni, wanavyokuja kwenye chakula. Haikuwa na kitu kingine chochote. Nikashika mikro, na sijawahi, katika miaka yangu yote ya kazi, kusema habari za nzi kwa furaha kama siku ile.